Besi Iliyotoka Dirishani

Nira ya baba bado inanuka ng'ombe. Nimeiegemeza ukutani sebuleni kwangu hapa Bariadi, nyuma ya kochi, na mvua ikinyesha harufu yake inaamka: jasho la maksai, mafuta ya zamani ya kulainishia kamba, na kitu kama majani yaliyooza kando ya maji. Wageni wakiingia wanaiangalia, halafu wananiangalia mimi. Tulipogawana vitu vya marehemu, kaka zangu walichagua vya maana, mimi nikaomba hiyo. Walicheka, lakini walinipa. Sasa nataka niandike kwa nini niliitaka. Sijui kama nitaandika vizuri, shule yangu iliishia darasa la saba, na dada yangu anasema mambo mengine nayakumbuka vibaya. Pale anaponipinga nitasema, ili nisimwonee mtu.

Kijijini kwetu, upande wa Dutwa, kanisa lilikuwa la tofali za kuchoma na mabati, bila dari. Halikuwa na kinanda wala gitaa. Tulikuwa na vitabu vichache vya nyimbo vilivyonuka moshi, na tulikuwa na mama yangu. Mama ndiye alikuwa mwanzishaji. Mzee wa kanisa akishataja namba ya wimbo, watu wote walinyamaza wakimsubiri yeye atoe sauti, maana akianza juu sana kiitikio kitawashinda, na akianza chini sana wazee wataimbia vifuani. Mama hakuwa na chombo cha kupimia. Alikuwa anafumba macho kidogo, anameza mate, anaanza. Na kanisa zima linaingia nyuma yake, kama ng'ombe wanavyoingia majini yule wa mbele akishatia mguu. Aliyekulia kwenye kanisa la namna hiyo anajua ninachosema. Hakuna aliyekuwa anasikilizwa, kila mtu alikuwa anaimba, hata mzee aliyesinzia kwenye mahubiri aliamka akaimba beti zote kwa kichwa.

Kwenye kona ya nyuma, kwenye benchi lililogusa dirisha la upande wa lambo, alikaa Mzee Maduhu. Yeye ndiye alikuwa besi yetu. Wanaume wengine walimfuata fuata, lakini besi ilikuwa yake. Sisi watoto tulikaa chini mbele, na kwa muda mrefu mimi sikujua kwamba ile sauti inatoka kwa mtu. Nilidhani inatoka sakafuni. Nilikuwa naweka kiganja kwenye saruji na kuisikia ikitetema, nikaamini kwamba kila kanisa linajengwa na sauti yake chini, kama vile kisima kinavyochimbwa mpaka maji yapatikane.

Baba hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa, kama walivyosema, mtu wa nje. Alikuwa mtu wa ngoma, mtunzi na mpigaji, na mavuno yakiisha alikwenda na wenzake kwenye mashindano, makundi mawili yanaimba uwanja mmoja na linaloshinda ni lile lililovuta watu. Kanisani walisema hakuna anayevuta watu vile kwa koo tupu, lazima ipo dawa. Mimi sijui. Wapo waliokuwa na dawa, hilo hata baba alikubali, yeye mwenyewe alisema hana. Mzee Lutonja, mzee wa kanisa, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akitaka kuingia, achome ngoma kwanza. Watu humlaumu Mzee Lutonja kwa hilo. Lakini na yeye alikuwa mtu wa ngoma ujanani, na ya kwake aliichoma mbele ya watu. Alikuwa anadai kwa mwenzake kile alichokwisha kukitoa yeye. Baba alimjibu kwamba ngoma ile aliachiwa na baba yake, na ikaishia hapo.

Kwa hiyo kila Jumapili sisi tuliingia kanisani, naye baba alipeleka ng'ombe kwenye lambo, ambalo lilikuwa hapo hapo chini ya kanisa. Ng'ombe wakinywa, yeye aliegemea ukuta wa kanisa, karibu na lile dirisha, fimbo mabegani, mgongo kwetu. Watoto wenzangu walikuwa wananiambia, "Baba yako anamchungia Mungu ng'ombe." Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Iliniuma kwa sababu nilikuwa na hofu yangu, na sikumwambia mtu. Mwalimu wetu wa watoto alikuwa ametufundisha juu ya siku ambayo walio wa Bwana watachukuliwa juu. Hakusema itakuwa saa ngapi. Mimi kwa akili yangu niliona lazima itakuwa Jumapili, katikati ya wimbo, mabati yatafunguka, na tutapanda wote tukiwa tunaimba, mama mbele. Na baba nilimwona amebaki chini na ng'ombe, ameweka mkono juu ya macho, anatuangalia tukiwa wadogo wadogo. Kila mama alipoanzisha wimbo nilikuwa nachungulia dirishani kuona kama baba bado yuko karibu. Siku moja nilimuuliza kwa nini haingii. Akasema, "Ng'ombe nitamwachia nani, mayu?" Aliniita hivyo, mayu, mama, kama baba wa kwetu anavyomwita binti yake akiwa hataki kumkasirikia.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mzee Maduhu akafariki. Aliugua muda mfupi tu. Baba alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi, na watu walishangaa, maana hawakujua kama wale wawili walikuwa na urafiki. Kusema kweli sidhani kama waliwahi kukaa pamoja hata kunywa uji.

Jumapili iliyofuata niliweka kiganja kwenye sakafu na sakafu ilikuwa kimya. Wimbo ulikuwepo juu, lakini ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Mama alianza pale pale alipoanzia siku zote, lakini bila besi wimbo ulikuwa unapanda wenyewe, ubeti kwa ubeti, mpaka akina mama wakawa wanaimba wameinua visigino. Wengine waliacha njiani. Mzee Lutonja aliwaweka vijana nyuma wajaribu, wakaunguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, na watu wakacheka ndani ya ibada. Kwenye benchi la Mzee Maduhu hakuna aliyekaa. Ilikuwa desturi kwetu, mahali pa marehemu hapakaliwi mpaka mjane wake aseme, na mjane wake hakusema. Mama alirudi nyumbani Jumapili ile akakaa jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwa. Alisema, bila kumwambia mtu fulani, kwamba anaimba kama mtu anayejenga juu ya maji.

Ndipo ukaja msimu wa kulima, na ndipo nilipoogopa zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kuongoza maksai, kutembea mbele nimeshika kamba, na baba nyuma ameshika plau. Maksai walikuwa Chuma na Mabawa. Mabawa aliitwa hivyo kwa sababu ya pembe zake zilizopanuka. Nira yao ndiyo hii ninayoisema. Baba siku zote alikuwa akilima anaimba nyimbo za kulimia, zenye majigambo na kuchekesha, na majirani waliitikia kutoka mashamba yao. Msimu ule hakuziimba. Aliimba kitu kingine. Kilikuwa kizito, kinakaa mahali pamoja muda mrefu, kinashuka ghafla, kinapanda ngazi moja, kinarudi kilipokuwa. Hakikuwa na mwanzo wa kueleweka wala mwisho wa kufurahisha. Na maneno yake yalikuwa majina ya maksai tu. Chuma, eeh Chuma, Mabawa, Mabawa, Chuma. Tena na tena, na maksai wakatembea kwa mwendo wa kitu hicho, wakashusha vichwa kama wanasikiliza.

Nikajua hiyo ndiyo dawa. Sikuwa na shaka. Wimbo usio na utamu, usioimbwa na mtu mwingine, na unaotiisha ng'ombe, ungekuwa nini tena? Rafiki yangu Minza alishaniambia kwamba sauti yenye dawa ikiingia kwenye nyumba ya Mungu, mabati yote yanang'oka, kama upepo ulivyong'oa ya godauni la pamba. Minza alikuwa na umri wangu na hakuna mahali alipoyapata hayo, lakini nilimwamini. Kwa hiyo maombi yangu yakabadilika. Mwanzo nilikuwa naomba baba aingie kanisani. Sasa nikaomba asiingie, au akiingia, asifungue mdomo. Mtoto ana kazi ngumu. Nilimtaka ndani ili asibaki, na nilimwogopa ndani ili tusiangukiwe.

Pamba ilivunwa, ikaja Jumapili ya mavuno. Wageni walitoka kanisa la Lalago, wamejaa kwenye lori la pamba, wanaimba tangu barabarani. Mbele ya kanisa palijaa: magunia ya mahindi, mafungu ya pamba, michembe ya viazi vikavu kwenye vikapu, kuku wamefungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyepinga kila jambo. Wageni waliimba kwanza. Nitasema haki, walituzidi. Walikuwa na wanaume wengi, na besi yao ilikuwa nene mpaka kuku walinyamaza. Dada yangu anaapa kwamba mama mmoja wa Lalago alimnong'oneza mwenzake kwamba sisi wenyeji tunaimba kama wasichana wanaoteka maji. Mimi sikusikia. Nimeiandika kwa sababu dada hana kawaida ya kusingizia.

Halafu ikawa zamu yetu kuwaitikia, kanisa zima, kwa wimbo wa kitabuni. Mzee Lutonja akataja namba. Nilimwona mama akifumba macho. Alimeza mate mara mbili, na mimi niliyemjua nikajua anaogopa. Akaanza.

Ubeti wa kwanza ulienda. Ubeti wa pili ukaanza kupanda. Niliona akina mama wakinyanyua mabega, niliona shingo ya mama imetoka mishipa, na kiitikio kilikuwa kinakuja, na kila mtu mle ndani alijua kwamba tukifika pale sauti zitakatika mbele ya wageni. Akina mama wa Lalago walikuwa wanatuangalia kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko dharau.

Ndipo ilipoingia dirishani. Kwanza ilikuwa chini sana, nikadhani ni ng'ombe. Kisha nikasikia, *Chuma, eeh Chuma*. Ulikuwa ule wimbo wa shambani. Ule ule, mzito, unaokaa mahali pamoja. Nikaangalia juu kwenye mabati nikasubiri yaende.

Hayakwenda. Kilichotokea ni kwamba ule wimbo mbaya wa baba ulipita chini ya wimbo wa mama ukalala pale, sawasawa, kama mtu aliyeingiza meza chini ya vyombo vilivyokuwa vinaanguka. Kila mahali wimbo wa mama ulipopanda, ule ulikaa. Kila mahali mama alipovuta pumzi, ule ulipanda ngazi moja na kumsubiri. Wimbo haukuwa na utamu kwa sababu ulikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kinywani mwa mama muda wote. Mama alifumbua macho. Sauti yake ilishuka ikakaa mahali pake, na kina mama wote wakashuka naye, visigino vikarudi chini, na tukaingia kwenye kiitikio kwa nguvu ambayo sikuwahi kuisikia. Watu waliimba Bwana na nje mtu aliimba Mabawa, na vilikuwa kitu kimoja. Wageni wakasimama bila kuambiwa, wakaingia. Nikaweka kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa imerudi.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyekaa. Mzee Lutonja alifunga kitabu, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi tulisikia yote.

"Sayi," alisema. "Nani amekufundisha besi?"

"Besi ndiyo nini?" baba akauliza.

"Hiyo uliyoimba."

Baba aligeuka akaliangalia dirisha. Akasema alikuwa anasimama hapo dirishani, marehemu Maduhu alikuwa ndani hapo hapo, na sauti yake ndiyo ilimfikia. Alipofariki, Jumapili zikawa kimya kabisa, akaona afadhali amwimbie huko shambani. "Mimi nilidhani huo ndio wimbo," alisema. "Kina mama nilidhani wanaupamba tu."

Mzee Lutonja alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile, na baada yake sikumwona akicheka tena sana. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Ingia ndani."

"Nina ng'ombe."

"Vijana wangu watawashika."

"Na nyumbani nina ngoma, na siichomi. Nakwambia kabla sijatia mguu ndani."

Ndani, mama alikuwa ameshika benchi la mbele yake kwa mikono miwili. Mimi niliona mlango umefika nusu na unaweza kurudi.

"Leo sijakuomba ngoma, Sayi," Mzee Lutonja akasema. "Nimekuomba besi. Maneno tutakufundisha taratibu."

Baba aliingia na mabuti yake yenye tope la lambo, fimbo mkononi, koti linanuka ng'ombe, mbele ya wageni waliovaa vizuri. Hakujua akae wapi. Alisimama pale kwenye kona, karibu na benchi tupu, akiliangalia bila kuligusa. Ndipo mjane wa Mzee Maduhu alipoinuka upande wa akina mama. Alipita katikati ya watu wote, akafungua kanga ya mabegani, akalifuta lile benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vumbi lilikuwa jingi. Akamwambia, "Kaa, baba. Limepumzika vya kutosha."

Akakaa.

Mama hakungoja namba itajwe. Dada anasema Mzee Lutonja alitaja, mimi nasema hakutaja, tumeshindwa kukubaliana mpaka leo. Mama alianza wimbo mwingine, na baba akauingia kutoka kona yake, sasa akiwa chini ya bati lile lile, na mabati yakalia. Hilo nalikumbuka bila mtu kunisaidia. Yalitetema kwenye misumari yake, *zzzz*, kila baba alipogusa ile sauti ya chini kabisa. Minza aliyekuwa pembeni yangu alinishika mkono akafumba macho. Mimi sikufumba. Nilisema moyoni, kama yataondoka sasa, yaondoke, tumeshakuwa wote ndani. Yakatetema, yakashika, na tukaimba mpaka mbuzi naye akakubali.

Siwezi kusema kila mtu alifurahi. Mwinjilisti wetu alikaa miezi akisema kwamba mlango uliofunguliwa kwa ngoma ni mgumu kufunga, na simlaumu, kaka yake aliharibikiwa na pombe za mashindano akafa vibaya. Baba naye hakuacha ngoma mara moja, na sitaki kumpamba kwa kuwa ameshafariki. Alibatizwa baadaye, kwenye lambo lile lile, ng'ombe wakiwa upande wa pili. Ngoma ilibaki imetundikwa chini ya paa la nyumba. Maneno ya nyimbo alijifunza taratibu kama alivyoahidiwa, lakini wimbo ukimkolea sana, sisi tuliokaa karibu tulikuwa tunamsikia Chuma akipita.

Mwaka huu tulimzika baba. Watu walikuja wengi, kutoka Dutwa, kutoka Maswa, hata watu wa Kalemela na ndoo zao za dagaa za kulisha msiba. Tulipofika kaburini mama aliletewa kiti, sasa hivi miguu yake haina nguvu, lakini mwanzishaji bado ni yeye, hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Tulinyamaza tukimsubiri. Alifumba macho. Hakuanza. Aliinua kidole kuwaonyesha wanaume, na wanaume wakaelewa, wazee kwa vijana, wale baba aliowafundisha besi yeye mwenyewe kwenye lile benchi kwa miaka yote ile. Wakaanza wao, besi peke yake, chini kabisa, bila wimbo juu. Na hawakuweka maneno ya kitabuni.

*Chuma, eeh Chuma. Mabawa, Mabawa, Chuma.*

Mama mmoja mgeni kutoka mjini alinigusa akaniuliza huo ni wimbo gani, mbona hajawahi kuusikia. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Mama alisubiri mpaka sakafu ya sauti zao ikalala vizuri, kutoka ukingo wa kaburi mpaka barabarani. Kisha akameza mate, akauweka wimbo juu yake.